Vifaa vya kumpa kazi mbwa wa kuchunga: kipi ununue Mwanza, kipi uache dukani

Ukipita Capri Point, Isamilo, Bwiru au Buswelu, mbwa anayelinda geti mara nyingi ni German Shepherd au chotara wake, na siku hizi Malinois nao wameanza kuonekana. Watu wanawaita mbwa wa polisi na wananunuliwa kwa ajili ya ulinzi, lakini asili yao ni machungani. Ukoo wa German Shepherd ulianza kusajiliwa Ujerumani mwaka 1899, pale Max von Stephanitz alipomnunua dume mmoja wa kuchunga na kumwita Horand von Grafrath. Kazi iliyowafanya mbwa hawa wachaguliwe kizazi baada ya kizazi ilikuwa kutembea kutwa kando ya kondoo, kulizuia kundi lisiingie shamba la mtu, huku sikio likiwa kwa mchungaji. Malinois wa Ubelgiji alizaliwa kwa kazi hiyohiyo.

Mbwa wa namna hii akifungiwa bandani tangu saa 12 asubuhi mpaka usiku, atajitafutia kazi mwenyewe. Atachimba chini ya ukuta, atakimbizana na kila bodaboda akiwa upande wa ndani wa uzio, atatafuna bomba la maji, atazunguka palepale mpaka njia ijichore kwenye nyasi. Mwenye mbwa husema ana nguvu nyingi, anamtafutia kijana wa kumkimbiza asubuhi, na baada ya miezi michache ana mbwa yuleyule akiwa na pumzi ndefu zaidi. Miguu imepata mazoezi, kichwa kimebaki na njaa.

Tumevipima hapa vifaa vitano vinavyouzwa kwa ajili hiyo, tukitazama kama vinafaa kwa jua, mawe na maji ya Mwanza. Kwa ufupi: kitu kimoja cha kutoka nje kinastahili bei yake, viwili vinapatikana vilivyo bora zaidi kwenye maduka ya zana za uvuvi, kimoja kitengeneze mwenyewe, na cha tano usikinunue.

Kipimo chetu ni hiki. Mnyama anayewinda hufuata hatua: hukazia macho, hunyatia, hukimbiza, huuma, huua. Mbwa wa kuchunga wameongezewa zile hatua za mwanzo na kupunguziwa za mwisho. Kwa hiyo kifaa kinachompa kukimbiza peke yake kinamwasha bila kumzima. Kifaa kizuri kinamfanya atazame, afikiri, asubiri neno lako, kisha afike mwisho wa kazi na kulipwa.

Mpira wa kujaza chakula

Unaojulikana zaidi ni KONG Classic, ule mwekundu wenye umbo la mapande matatu yaliyopandana na tundu katikati. Mmarekani Joe Markham aliubuni miaka ya 1970 huko Colorado kwa sababu German Shepherd wake alikuwa akitafuna mawe na kuharibu meno. Kwa jiji la miamba kama hili, sababu hiyo inaeleweka mara moja: mbwa wanaotafuna mawe tunao wengi, na meno yaliyovunjika ndiyo matokeo.

Saizi ndiyo inayowakosesha wengi. L ni ya mbwa wa kilo 13 hadi 30, XL ni kilo 27 hadi 41. German Shepherd dume aliyekomaa anahitaji XL, na Malinois jike anatosheka na L. Ukiwa katikati, chukua kubwa, maana mpira mdogo unaweza kuingia wote kinywani na kumkaba. Mwekundu ni wa mbwa mzima wa kawaida, mweusi ni mgumu zaidi kwa wenye taya kali, na ule wa watoto wa mbwa ni laini, usimpe mkubwa.

Kabla ya kulipa, angalia mambo mawili. Kwanza, uwe na matundu pande zote mbili, kubwa chini na dogo juu. Mipira ya kuigiza yenye tundu moja huvuta ulimi ndani kwa hewa iliyobanwa, na ulimi ukinasa huvimba usitoke. Pili, ubonyeze kwa vidole: mpira mzuri unarudi mara moja, wakati plastiki ngumu inabaki na alama au haibonyei kabisa. Hiyo itamegeka vipande na vipande vitamezwa.

Namna ya kuujaza kwa chakula cha hapa:

Ziba tundu dogo kwa siagi ya karanga kiasi cha ncha ya kijiko. Soma kopo kwanza, kwani isiwe na xylitol, sukari mbadala inayoua mbwa hata kwa kiasi kidogo. Jaza theluthi mbili kwa ugali wa dona uliopoa, uliochanganywa na dagaa waliopondwa na nyama au maini ya kuchemsha, bila vitunguu na bila chumvi. Juu weka dagaa wazima wawili watatu wakichungulia ili apate pa kuanzia. Weka kwenye friza usiku kucha.

Usianze na ulioganda. Mbwa asiyewahi kuuona ataulamba dakika mbili, atashindwa, atauacha, na mwenye mbwa ataamua kwamba pesa imepotea. Siku za kwanza weka dagaa wakavu wanaomwagika kwa urahisi akiusukuma. Akishaelewa, hamia kwenye ugali laini usiogandishwa, kisha ndipo friza. Ulioganda vizuri humchukua mbwa mzoefu kama nusu saa, na saa inayofaa kuutoa ni ile unapofunga geti kwenda kazini. Kulamba na kutafuna kunamtuliza, na baada yake hulala.

Kasoro zipo. Umeme ukikatika usiku unabaki na uji vuguvugu. Sisimizi huufuata, hivyo mpe juu ya sakafu iliyopigwa maji na uuondoe akishamaliza, usiubakize bandani. Ndani hauoshwi kwa kusuuza tu, unataka brashi ya chupa ya mtoto na maji ya moto. Tena chakula hiki kitoe kwenye mlo wake wa siku: kijiko kimoja kikubwa cha siagi ya karanga kina takriban kalori 95, na mbwa anayefanyishwa kazi kwa chakula cha nyongeza hunenepa wakati mwenyewe anadhani anamfanyisha mazoezi. Siku ukiona kipande kimemegeka, tupa mpira mzima. Pamoja na hayo yote, katika vitano hiki ndicho tunachokipa alama za juu.

Neno kuhusu dagaa, kwa sababu ndio malipo bora ya kufundishia na Mwanza inao kwa wingi. Pale Mwaloni, Kirumba, ulizia waliokaushwa kwenye kichanja. Waliokaushwa mchangani ni wa bei nafuu, lakini mchanga wake unasaga meno ya mbwa na ukizidi unakaa tumboni. Chukua wachache, wasugue viganjani juu ya karatasi nyeupe, utaona tofauti hapohapo. Waliokaangwa kwa chumvi waache.

Kamba ndefu

Hii ndiyo inayomwezesha mbwa kukimbia kwa uhuru bila wewe kumpoteza, na ndiyo njia salama ya kumfundisha kurudi anapoitwa. Zile za dukani zenye mpini wa plastiki na kamba inayojikunja yenyewe hatuzipendekezi kwa mbwa wa kilo 30. Ni nyembamba, zinakata ngozi, na mpini ukikuponyoka unamfuata mbwa kwa kishindo na kumtia hofu akimbie zaidi.

Nenda duka la zana za uvuvi, nunua mita 10 za kamba yenye unene wa milimita 8 hadi 10. Iliyosokotwa kwa mviringo ni bora kuliko ile ya nyuzi tatu zilizopindwa, maana hii ya pili inajikunja mafundo na kukwaruza. Kamba ya plastiki inayoelea ni nyepesi na haivuti maji, lakini inachoma kiganja ikipita kwa kasi. Ya nailoni ni laini zaidi mkononi na inanepa kidogo mbwa anapofika mwisho, kwa hiyo mshtuko unapungua, ila ikilowa ni nzito. Kwa nchi kavu chagua nailoni. Nunua pia kulabu ya chuma yenye shingo inayozunguka. Bila shingo hiyo kamba inajisokota kila mbwa anapogeuka. Choma ncha zote mbili kwa kiberiti ili zisifumuke.

Upande wako usifunge kitanzi. Kitanzi kinanasa kwenye mawe na vichaka, na mkono ukiwa ndani yake mbwa akifyatuka unavunjika kidole. Vaa glavu za kazi, shika kwa mkono uliofumbwa, usizungushe kiganjani kamwe. Upande wa mbwa, funga kwenye mkanda wa kifuani, wala si shingoni: mbwa aliyekimbia mita 10 kwa kasi kisha akasimamishwa kwa shingo anaweza kuumia koo na uti wa mgongo.

Mazoezi yenyewe: eneo tambarare la nyasi, kamba ikiburuzika. Mwache aende, mwite jina mara moja tu, kisha rudi nyuma hatua chache huku ukichuchumaa. Akigeuka, sema neno la kumsifu papo hapo, akifika mpe dagaa, mruhusu aende tena. Kosa linaloua zoezi hili ni kumwita pale tu unapotaka kumfunga. Baada ya siku chache anajua kwamba «njoo» maana yake raha imeisha. Mwite mara kumi, mfunge mara moja.

Usitumie kamba hii kwenye miamba, itanasa. Na si kila ufukwe unafaa. Mialoni ina ndoano zilizobaki na vipande vya chambo, na mbwa akimeza ndoano ya sangara hiyo ni kazi ya upasuaji. Kwenye matete na magugumaji kuna mamba na kenge. Maji yakigeuka kijani kizito, kama rangi ya kupaka ukuta, usimruhusu hata kuyanywa, kwa kuwa mwani wa aina hiyo hutoa sumu inayoshambulia ini au mishipa ya fahamu. Hifadhi ya Saanane isifikiriwe, kwani mbwa hawapelekwi hifadhini.

Mpira wa kusukuma

Miaka ya 2000 Wajerumani waliibua mchezo uitwao Treibball, ambamo mbwa anasukuma mipira mikubwa kwa pua na kifua kuipeleka golini, akielekezwa na mtu aliyesimama mbali. Ni uchungaji usio na kondoo, na kwa German Shepherd wa mjini hatujui kazi nyingine inayomfaa hivi. Wenyewe wanatumia mipira ya mazoezi ya viungo. Hapa mipira hiyo ipo, sentimita 55 hadi 75, lakini jino moja na mchezo umekwisha, hasa kwa mbwa ambaye hajafundishwa.

Badala yake tafuta boya gumu la plastiki la mviringo, la namna inayotumika kwenye vizimba vya samaki, lenye kipenyo cha sentimita 30 au zaidi. Kanuni ni moja: lisiweze kushikika kinywani. Akiweza kulishika, anarudi kwenye kuuma. Kama boya limekosekana, dumu la lita 20 linafaa kuanzia, mradi uondoe kifuniko pamoja na pete yake ya plastiki, na uwe na hakika halikubeba dawa ya shambani wala mafuta ya taa. Dumu lina kelele, majirani wataijua ratiba yenu.

Hatua ya kwanza haihitaji kusukuma hata kidogo. Mfundishe kulala umbali wa mita mbili kutoka kwenye boya na kulitazama bila kuligusa, kwanza kwa kuhesabu tatu, baadaye kumi. Hatua ya pili, weka dagaa chini ya ukingo wa boya. Akimtafuta kwa pua boya linasogea, na hapo unamsifu. Rudia mpaka alisukume bila dagaa, kisha mlipe kutoka mkononi mwako, ili ajifunze kulisukuma kuja kwako. Hatua ya tatu ndiyo utamu wenyewe: simama mbele, boya liwe katikati yenu, umtume azunguke nyuma yake kutokea kushoto au kulia kabla ya kusukuma. Kila upande upe neno lake, fupi na lisilofanana na jingine. Akizunguka vibaya usimkemee, mlaze chini, uanze upya.

Hapa kuna hatari inayostahili kuzungumzwa kwa uzito. Mbwa wa kuchunga ni wepesi wa kuzama katika kitu kimoja mpaka wanasahau maji na chakula. Ukimwachia boya uani siku nzima atalisukuma mpaka pua na fizi zitoke damu, na kila kitu cha mviringo kitamfanya atetemeke. Dakika 10 zinatosha. Anza kwa kumlaza, maliza kwa kumlaza, kisha boya lipelekwe stoo asilione. Mbwa ambaye hawezi kuacha kwa neno moja bado hajaiva kwa hatua ya tatu, hata kama anasukuma vizuri.

Kama kuna mlinzi au kijana anayeshinda na mbwa, mfundishe naye maneno yaleyale. Mbwa anayeambiwa «lala» na mmoja na «chini» na mwingine huacha kusikiliza wote wawili.

Mkeka wa kunusa

Ni kitambaa chenye vishungi vingi ambamo unaficha chakula kikavu, mbwa akitafute kwa pua. Wazo ni zuri sana, bidhaa haistahili bei. Nyasi za uani zinafanya kazi hiyohiyo: mwaga kiganja cha dagaa kwenye eneo la mita mbili kwa mbili, mwambie atafute. Kwa msimu wa mvua, nunua blanketi laini la mitumba soko la Mlango Mmoja, likate vipande vya upana wa sentimita 3 na urefu wa 20, uvifunge kwenye zulia la mpira lenye matundu. Simama naye akiutumia, uuondoe akimaliza, maana akianza kuvuta vishungi atavimeza.

Ila kwa pua ya German Shepherd hiyo ni darasa la kwanza, na dagaa wana harufu kali mno kumpa shida ya kweli. Mpandishe kwa karafuu, ambayo pia ni mojawapo ya harufu zinazotumika kwenye mashindano ya kunusa huko Marekani. Weka punje tatu ndani ya kikopo cha bati chenye matundu madogo, kifuniko kibanwe asizile. Kiweke kwenye boksi moja kati ya matatu yaliyo wazi. Akiingiza pua kwenye boksi lenye karafuu mlipe palepale, mdomoni mwa boksi. Badilisha nafasi kila zamu. Akipata bila kubahatisha, ongeza maboksi hadi sita, kisha ondoa maboksi ufiche kikopo chini ya ndoo, nyuma ya tairi, juu ya dirisha. Maboksi yasiyo na karafuu yawe na alama, usiyachanganye: boksi likishashika harufu jana, leo litamdanganya mbwa naye ataonekana amekosea. Mafuta ya karafuu yaache kabisa, ni makali kwa pua na ngozi. Dakika 15 za kazi hii zinamchosha mbwa kuliko watu wengi wanavyotarajia, na inafanyika sebuleni mvua ikinyesha.

Saa na kiasi

Kwa mbwa mzima mwenye afya, saa moja hadi moja na nusu ya mwendo kwa siku, ikigawanywa asubuhi na jioni, pamoja na vipindi viwili vya kichwa vya dakika 10 hadi 15, ni mwanzo mzuri. Asubuhi iwe kabla ya saa 2, jioni baada ya saa 11 na nusu. Bandika nyuma ya kiganja kwenye jiwe au lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake nazo zitaungua. Akihema kwa ulimi uliopanuka, ute ukiwa mzito na hatua zinayumba, acha hapohapo, mpeleke kivulini, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, umpepee, kisha kwa daktari wa mifugo. Mbwa wenye kifua kirefu kama hawa hupata hatari ya tumbo kujaa gesi na kujipinda, hivyo acha saa moja tupu kabla na baada ya mlo mkubwa. Mtoto wa mbwa asikimbizwe kwa umbali mrefu wala kurushwarushwa mpaka afike miezi 12 hadi 18, mifupa yake bado inafunga. Na kila mkirudi kutoka nyasini, pitisha vidole masikioni, kwapani na kati ya vidole vyake kutafuta kupe.

Kumfunga mbwa pembeni ya bodaboda akimbie kutoka Pasiansi hadi Kirumba si mazoezi. Hawezi kusimama anapochoka, hawezi kunusa, na anajifunza kwamba magurudumu ni ya kufukuzwa.

Kirusha mpira

Mpini mrefu wa plastiki unaorusha mpira wa tenisi mbali. Ndicho kinachouzwa sana, na ndicho tunachokikataa. Kinampa ile hatua moja ya kukimbiza, mara hamsini mfululizo, kila mara akifunga breki ghafla na kugeuza mgongo. Magoti na uti vinalipa. Kichwa hakipati chochote isipokuwa msisimko, na msisimko huo anarudi nao nyumbani. Manyoya ya mpira wa tenisi, yakishika mchanga wa ufukweni, yanasugua meno mfano wa msasa. Taa ya leza ya kukimbiza ni mbaya zaidi, kwa kuwa hakuna cha kukamata hata mwisho, na wapo mbwa wanaobaki wakifukuza vivuli na mng'ao wa dirisha kutwa.

Kama kirusha unacho tayari, kitumie hivi: mlaze mbwa, rusha mpira laini wa raba kwenye nyasi ndefu, mwache alale mpaka mpira utulie na uhesabu tano, ndipo umtume akautafute kwa pua. Mara tano, basi. Mbwa atakayenyanyuka kabla ya kutumwa asiadhibiwe. Nenda ukauokote mwenyewe, umlaze tena, urushe karibu zaidi.